Vitanzi Alivyoacha Baba

Jumatatu, 2 Juni

Sweta za shule, kijani, shingo ya V. Tangu asubuhi hadi jioni ni hizo tu. Mashine ya pili imeanza tena kuruka vitanzi. Baridi ya Mbeya mwezi huu haina huruma. Rukia, mwenzangu wa kazi, kaleta jiko la mkaa dukani, sasa sote tunanuka moshi na sweta pia.

Sijachora kitu kipya tangu Januari. Nafungua daftari, nafunga. Kibao cha mlangoni kinasema mbunifu wa mavazi. Uongo. Mimi ni mfuma sare wa Mwanjelwa.

Mchana kifurushi cha Baba kimefika kwa basi la Iringa. Kila mwezi hunitumia sweta mbili alizofuma kwa mkono, nazitundika mbele ya duka, zinaondoka ndani ya wiki. Safari hii imekuja moja. Imekosewa.

Sijawahi kuandika neno hilo kuhusu kazi ya Baba. Kuanzia kifuani mistari imehama, inapanda kuelekea kulia kama njia ya ng'ombe mlimani. Kuna matundu manne ya vitanzi vilivyoachwa. Chini ya kwapa uzi wa maruni umeisha, akaunga wa njano na kuendelea kana kwamba ni uleule. Mkono wa kushoto umeuzidi wa kulia kiganja kizima.

Rukia kacheka. "Mzee kapitiwa na usingizi." Mimi sikucheka. Nimeitundika ukutani nikaitazama mpaka tunafunga.

Nimeogopa. Halafu, na hili naliandika hapa tu, nimeipenda.

Jumanne, 3 Juni

Nimempigia dada Regina, kijijini kwetu Kalenga. Ndiye anayeishi na Baba tangu mumewe afariki. Anasema alikuwa na malaria wiki nzima, hakuweza kumwangalia Baba vizuri. Nikauliza, kumwangalia vipi? Akasema nije.

Dada hana kawaida ya kuniita.

Ijumaa, 6 Juni

Kesho safari. Nimekaa nikimwaza Baba.

Alikuwa na miaka kumi na tisa alipolazwa kwa kifua kikuu. Miezi minane wodini. Muuguzi mmoja mzee alimpa sindano mbili na donge la uzi ili mikono isikae bure. Wenzake walitoka wakijua karata, yeye alitoka akijua kufuma. Kijijini walimcheka sana. Mwanamume na sindano za kufumia! Hakujali. Asubuhi shamba, mchana kiti chake barazani na uzi.

Mimi na dada tumesoma shule tukiwa ndani ya sweta zake. Nakumbuka akigundua kitanzi kimoja kimepotea mstari wa tatu, naye yuko wa hamsini. Anachomoa sindano, anafumua yote mpaka wa tatu. Akiimba. Mama alikuwa anakasirika, anasema nani atakiona? Baba anasema, mimi nimekiona.

Kila ninachojua kuhusu uzi kimetoka kwake.

Jumamosi, 7 Juni. Kalenga

Nimefika saa tisa, kwa bodaboda kutoka mjini, vumbi mpaka kwenye meno. Kamwene, nikamsalimu Kihehe mlangoni. Akaitikia kwa furaha, akaniita jina langu. Tina! Akauliza kama mvua zimekwisha Mbeya. Nikasema zimekwisha. Tukazungumza kidogo. Akauliza kama mvua zimekwisha Mbeya. Nikajibu. Aliuliza mara ya tatu, na mara hiyo aliniita Veronika. Veronika ni dada yake. Alikufa mimi nikiwa darasa la pili.

Dada akanichukua bustanini, tukawa tunachuma nyanya huku akinieleza. Mwaka jana alimpeleka hospitali mjini. Ni maradhi ya ubongo, ya kusahau. Yataendelea. Hakuna kupona.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungekuja kukaa?"

Tuliendelea kuchuma.

Halafu akaniambia la pili. Kila mchana Baba akilala, yeye huchukua kazi yake, hutafuta alipoanza kukosea, hufumua mpaka hapo, hufuma upya kwa mkono uleule wa Baba, mkazo uleule, na kuirudisha kitini kama alivyoiacha. Baba akiamka huishika, huikagua, husema imekaa sawa. Anaendelea. Mwaka mzima sasa. "Zile sweta unazopokea," dada akasema, "nusu ni zangu." Ile moja ilipita kwa sababu ya malaria.

Hapo nilipaswa kulia. Badala yake nikauliza kama zipo nyingine ambazo hajazirekebisha.

Alinitazama. Akaenda ndani akatoa mfuko, vipande vinne vya mwanzo wa ugonjwa, vilivyomshinda kurekebisha. Nimevichukua. Viko kwenye begi langu. Naandika kama ilivyokuwa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimechora siku tatu mfululizo. Daftari la hesabu, lile la viboksi, nimelijaza. Kila kosa la Baba nimelihesabu, kiboksi kwa kiboksi. Pale aliposahau na kurudia mstari mara tano. Pale alipogeuza kazi katikati ya njia na kurudi alikotoka, uvimbe ukatokea kama kilima. Mwenye akili timamu hawezi kubuni hivi. Mkono wake ungekataa.

Nimefuma sweta ya kwanza kwa mkono, si kwa mashine. Maruni, njano, kijivu. Mistari inayohama, matundu yenye kingo nilizozifunga vizuri yasifumuke. Rukia kaivaa, kajizungusha mbele ya kioo, kanyamaza. Rukia hanyamazi.

"Shoga, hii umeitoa wapi?"

"Kichwani," nikasema.

Jumatatu, 16 Juni

Picha niliyomtumia Bi Latifa imejibiwa. Ana duka la mavazi Dar es Salaam, mara mbili huko nyuma alinikataa kwa upole. Leo kapiga mwenyewe. Anataka kumi na mbili kwa maonyesho yake ya Agosti. Alisema hajawahi kuona kitu kama hicho. Miaka tisa nimengoja mtu aniambie hivyo.

Nimefurahi mno. Nimemnunulia Rukia soda.

Jumapili, 22 Juni

Vipande vinne haviwezi kuzaa sweta kumi na mbili. Nimejaribu kukosea mwenyewe. Haiwezekani. Kosa langu linaonekana limepangwa, kama mtu anayejifanya mlevi.

Nimetuma uzi Kalenga. Rangi sita, mwingi. Kisha nikampigia dada nikamwomba asirekebishe tena. Aache tu anachokitoa Baba, anitumie kama kilivyo.

Alikataa. Akasema, "Anafurahi akiikuta sawa."

Nikasema Baba hajui tofauti tena. Nikasema ile sindano itamchosha dada bure, na shamba lipo, na kupika kupo. Nikasema hii ni nafasi yangu pekee. Yote hayo niliyasema. Mwishoni akasema haya, mdogo wangu, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Kweli amechoka. Nililijua hilo, nikalitumia.

Jumamosi, 5 Julai

Furushi kubwa limefika. Vipande sita. Kimoja hakina umbo kabisa, kinapanuka tu kama maji yaliyomwagika. Kimoja kina rangi zote sita ndani ya shubiri moja. Nimelala na picha zake kichwani, nimeamka nazo.

Sweta ya saba imekwisha leo. Ni kazi bora niliyowahi kufanya. Najua nikiiona.

Dada hakuandika chochote kwenye furushi. Siku zote huweka karatasi yenye maneno mawili matatu.

Jumanne, 15 Julai

Dada kapiga saa kumi na mbili jioni. Analia. Sijamsikia akilia tangu msiba wa mumewe.

Jana asubuhi Baba aliamka akiwa na akili yake yote. Inatokea, anasema, siku moja moja. Aliota jua barazani, akauliza habari za mahindi, akataja majina yetu, akataja jina la Mama. Dada alifurahi akaenda kumkaangia mayai. Aliporudi alimkuta ameshika kazi yake, ameiinua kwenye mwanga.

"Nani ameichezea kazi yangu?"

Dada alisema hakuna mtu.

Akaomba miwani. Akaitazama tena, mbele na nyuma. Akaingia ndani, akautoa mfuko wa vipande vilivyokuwa vinangoja basi, akavikagua kimoja kimoja, kitandani. Dada alisimama mlangoni. Baba akamwuliza, "Ni mimi?"

Hakuweza kumdanganya. Alisema ni wewe, Baba.

Alifumua vyote. Siku nzima. Hakula. Uzi wote aliuzungusha madonge, akayapanga kwenye beseni.

Kesho basi la kwanza.

Jumatano, 16 Julai. Kalenga

Alikuwa barazani. Beseni la madonge miguuni. Alinijua.

"Tina. Umekuja na baridi yako."

Nilikaa chini mkekani. Kisha akauliza, "Tangu lini, mwanangu?"

Nikasema si muda mrefu, Baba. Nikaona uso wake. Nikatafuta cha kumfariji, na kile nilichokipata sitajisamehe. Nilitoa simu. Nikamwonyesha sweta zangu. Nikamwambia nimezitoa kwenye kazi zake, zinakwenda Dar, watu wazito wamezipenda, hakuna mwingine nchi hii anayefuma hivi.

Alizitazama zote. Polepole. Alijua kila moja ilipotoka. Akaweka kidole kwenye kioo cha simu, juu ya tundu.

"Watu wameona hivi?"

"Ndiyo, Baba."

"Wanajua ni mimi?"

"Hapana."

"Usiwaambie."

Nikaahidi. Akanirudishia simu. Akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza kitu ambacho kweli hakielewi, "Wewe umeniona nikifumua tangu mtoto. Ulidhani nafumua kwa nini?"

Niliirudisha simu mfukoni.

Akachukua sindano zake, akampa dada. Akasema aziweke.

Alhamisi, 17 Julai

Leo kasahau yote. Kaamka mchangamfu. Kaniuliza kama mvua zimekwisha Mbeya. Siku ya jana haipo kwake. Ipo kwangu peke yangu, na kwa dada.

Nilimletea sindano, na donge la bluu analolipenda. Alizishika kama vijiko vya nyumba ya watu. Akaziweka chini taratibu. Nikaanza mstari mwenyewe, nikamwekea mkononi. Aliuweka chini pia. Aibu kaisahau. Mikono haijasahau.

Dada jikoni, akikoroga ugali, hakunigeukia. "Usiniombe kitu tena, Tina."

Nimerudi Mbeya na begi tupu.

Ijumaa, 1 Agosti

Kumi na mbili zimekamilika. Nilizimaliza. Nilitaka kuandika kwamba nilishindwa kuendelea, si kweli. Nilifuma huku nalia, lakini nilifuma.

Vipande vya Baba mwenyewe havitakwenda. Bi Latifa aliviona kwenye picha bila kujua ni vya nani, akataka avitundike pembeni. Nimekataa.

Nimemwambia Rukia kila kitu. Alizima mashine ili anisikie. Nilipomaliza alisema, "Ungemwuliza kwanza."

"Asingekumbuka alichonijibu."

"Basi ungemwuliza kila siku."

Akawasha mashine.

Jumamosi, 9 Agosti

Maonyesho ni leo. Sikwenda. Nilimwambia Bi Latifa naumwa.

Alipiga mchana, nyuma yake muziki na watu wengi. Anasema watu wanasimama mbele ya sweta zangu na kunyamaza. Anahitaji mistari miwili ya kibandiko, wazo limetoka wapi? Wanauliza sana.

Nilikuwa na uzi mkononi. Niliuzungusha kidoleni mara mbili tatu.

"Andika milima ya Iringa," nikasema.

Ahadi nimeitimiza. Baba nimemfuta.

Jumatano, 13 Agosti

Picha za maonyesho zimesambaa. Mtoto wa jirani kamwonyesha dada kwenye simu. Dada kanipigia. Mara ya kwanza tangu Julai.

Nilitegemea matusi. Nikasikia kuku, nikasikia mtu anapita na redio.

"Ni nzuri," akasema. "Ndiyo inayoniuma."

Kisha akanieleza hali ya Baba. Chakula anakula kidogo tu. Juzi alitoka alfajiri bila viatu, wakamkuta karibu na mto, anasema anawahi wodini, muuguzi anamngoja. Wamemrudisha watu wa makumbusho ya hapo kijijini. Usiku dada sasa analala mlangoni kwake, chini.

Chini. Na ana miaka hamsini na moja.

Jumapili, 24 Agosti

Bi Latifa anataka nyingine thelathini. Nimemwambia sitazifuma tena. Akauliza kwa nini. Nikasema mikono inauma. Alisikitika, kisha akakasirika, kisha akaniambia nitajuta. Inawezekana. Nilipokata simu nilitamani kumpigia tena nikubali. Hilo nalo naliandika. Nilishika simu mpaka ikapata moto.

Madaftari ya viboksi nimeyachoma kwenye jiko la mkaa. Rukia alijaribu kunizuia. Ukurasa mmoja mmoja. Niliyajua yote kwa moyo, kwa hiyo sijui nimechoma nini.

Rukia atabaki na duka. Sare hizi anaziweza kuliko mimi. Alinikumbatia, akaniambia nikamwogeshe mzazi wangu, niache kutafuta maneno.

Nilimpigia dada.

"Unakuja kwa siku ngapi?"

"Sijui."

"Tina, sema kweli."

"Mpaka," nikasema, nikashindwa kumalizia.

Akasema nije na blanketi langu, lililopo ni moja.

Jumatatu, 1 Septemba. Kalenga

Siku ya nne. Dada amelala tangu jana mchana, sijamwamsha. Sikujua mtu anaweza kulala hivyo.

Nimejifunza: maji ya Baba yawe vuguvugu, akisikia ya moto anapiga kelele. Uji usiwe na bonge. Asikalishwe akiutazama mlango. Ukimkatalia jambo anakasirika, ukimwuliza kuhusu wodi anatulia. Anawajua wagonjwa wenzake wote kwa majina na vitanda. Kiswahili kinamtoka kidogo kidogo, anabaki na Kihehe, na Kihehe changu cha mjini kinamchekesha.

Sijashika sindano. Sitaki.

Jumamosi, 6 Septemba. Kalenga

Nimegombana na dada kuhusu chumvi. Chumvi! Tulipiga kelele mpaka kuku wakakimbia. Ilitoka yote, sweta, uzi, mwaka wake mzima wa kurekebisha peke yake. Alisema mimi nilikuja kuchuma, kama nyanya. Nilisema ndiyo.

Hakutegemea ndiyo. Alikaa kwenye kinu. Nikakaa chini karibu naye. Baadaye aliniuliza kama ule mstari unaorudi ulikotoka niliufumaje, maana alipojaribu kuuelewa ili aurekebishe ulimshinda siku mbili. Nikamweleza kwa vidole hewani. Akatikisa kichwa. "Mzee huyu," akasema.

Hatukucheka. Lakini tulibaki pale.

Jumanne, 9 Septemba. Kalenga

Asubuhi yenye ukungu. Nimemwogesha Baba, nimempaka mafuta, mgongo umebaki mifupa. Alikuwa mtulivu. Nilipokuwa namfunga vifungo vya shati alinitazama sana.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa kwako, Baba."

Alitabasamu, kwa adabu, kama anavyomtabasamia mgeni anayetania. Akasema yeye anao wawili tu. Mmoja yuko hapa, analima. Mwingine yuko Mbeya.

"Anafanya nini huko Mbeya?" nikauliza.

"Anafuma. Nilimfundisha mwenyewe." Akaninyoshea kidole, ili nisikie vizuri. "Yule hakosei."

Nimesema ndiyo, mzee.

Nimemalizia vifungo. Dada ameita kwamba uji umeiva. Tumetoka polepole, amenishika mkono, ananiuliza kama nimetoka mbali.